Operesheni inapoahirishwa: mgonjwa, jamaa na kanisa wafanye nini?

Jambo hili linatokea mara nyingi katika makanisa yetu. Mgonjwa amepewa siku ya kupasuliwa. Jamaa wameuza mbuzi, wamechukua pesa ya likelemba, wamesafiri kwa pikipiki kutoka kijijini. Mgonjwa amelala bila kula. Asubuhi muuguzi anakuja na kusema: leo haiwezekani, mtarudi. Hapo moyo unavunjika, na maneno mengi yanaanza kusemwa nyumbani.

Kwa nini inaahirishwa

Sababu nyingine ziko katika mwili wa mgonjwa: homa ya malaria, kikohozi, tensio iliyopanda, sukari isiyotulia, au damu kidogo. Mwili wa namna hiyo unaweza kushindwa na dawa ya usingizi, au kidonda kikakawia kupona. Daktari anayeahirisha kwa sababu hizo anamlinda mgonjwa wake.

Sababu nyingine ziko upande wa hospitali: damu imekosekana, oksijeni imekwisha, hakuna mazutu ya jenereta, au mama mwenye uzazi mgumu na majeruhi wa vita wameingia usiku. Hao hawawezi kungoja. Katika sehemu zetu za Kivu na Ituri, barabara ikifungwa, dawa pia hazifiki.

Tuungame kosa letu

Sisi wachungaji tumewahi kukosa katika jambo hili. Mama mmoja wa kanisa letu aliahirishiwa operesheni ya uvimbe katika kizazi kwa sababu damu yake ilikuwa kidogo. Tulimwombea, tukamwambia kwamba labda Mungu amefunga mlango ule ili amponye yeye mwenyewe. Akaacha vidonge, hakurudi hospitalini. Baada ya miezi minne alibebwa kwa kipoyi, akitokwa na damu nyingi. Bwana alimhurumia, alipasuliwa, akaishi. Lakini hatukusahau macho ya mume wake alipotutazama. Tangu siku ile hatusemi tena kwamba kuahirishwa ni ishara ya Mungu, wala kwamba ni kazi ya wachawi. Tunauliza kwanza: daktari alisema sababu ni gani?

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka

Jamaa mmoja aandike majibu katika kikaratasi:
- Sababu ya kuahirisha ni nini, nasi tunaweza kufanya nini ili iondoke?
- Siku mpya ni lini? Kama haijulikani, turudi lini kuuliza?
- Mgonjwa anaweza kula na kunywa sasa?
- Dawa gani aendelee nazo, na zipi aache?
- Pesa tuliyolipa imeandikwa wapi? Ombeni risiti, muihifadhi.
- Ni dalili gani zitatulazimisha kurudi mbio?

Dalili za kutongoja

Mwenye ngiri, ikiwa uvimbe unauma sana, umekuwa mgumu na haurudi ndani, au anatapika na hapati choo, apelekwe hospitalini saa ileile, hata usiku. Vivyo hivyo mama anayetokwa na damu nyingi au kuzimia, mwenye uvimbe wa shingo anayeshindwa kupumua, na yeyote mwenye homa kali pamoja na maumivu makali ya tumbo. Hao wasingoje siku iliyoandikwa.

Siku za kungoja ni siku za kazi

Kama damu ni kidogo, mgonjwa ameze vidonge alivyopewa, bila kuvinywa pamoja na chai, kwa maana chai inazuia nguvu yake. Ale sombe, maharagi, ndagala, na maini yakipatikana. Alale chini ya chandarua. Mvutaji wa tumbako aache: hata majuma manne yanasaidia mapafu na kidonda. Kama anatumia dawa za miti, amwambie daktari bila haya, kwa maana nyingine zinaongeza kutoka damu. Na mgonjwa mwenye damu kidogo asifunge kula kwa ajili ya maombi. Jamaa na washirika wafunge kwa niaba yake.

Pesa ya operesheni ni jaribu kubwa. Ikikaa nyumbani, itakwenda katika karo ya shule na matanga. Iwekwe kwa mtu wawili watatu wanaoaminika, na iandikwe.

Kazi ya kanisa

Mashemasi wamtembelee mgonjwa aliyeahirishiwa kama vile wanavyomtembelea aliyepasuliwa, kwa maana yeye husahauliwa haraka. Wenye afya njema watoe damu: mwanaume anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mfuko mmoja wa damu unaweza kurudisha operesheni katika ratiba.

Tena tumpe mgonjwa nafasi ya kulalamika. Martha alimlalamikia Bwana kwamba alikawia kufika, na Bwana hakumkemea. Mtume Paulo, ambaye wagonjwa wengi waliponywa kwa mikono yake, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakuna mahali tunaposoma kwamba Trofimo alikosa imani. Basi mtu asimwambie mgonjwa wetu kwamba anachelewa kwa sababu ya dhambi iliyofichwa.

Tunaomba wazee wa kila kanisa waulize Jumapili hii, baada ya ibada: ni nani kati yetu anayengoja kupasuliwa? Jina lake liandikwe, na tarehe yake, na mtu mmoja atakayefuatana naye siku ya kurudi.

Neema ya Bwana iwe pamoja nanyi.