Mawe ya Melaka

Ziara ya siku moja katika mji wa Melaka, ulioko pwani ya magharibi ya Rasi ya Malaya, kwa kawaida huanzia kwenye uwanja wa majengo mekundu, ambako waongozaji huwaonyesha wageni Stadthuys, yaani makao ya magavana wa Kiholanzi yaliyojengwa baada ya Waholanzi kuutwaa mji mwaka 1641. Kisha hupandwa kilima cha St Paul, na kuteremkwa hadi Porta de Santiago, lango lililosalia la ngome ya A Famosa ambayo Waingereza walianza kuibomoa mwaka 1807. Njia hiyo inaipindua historia, kwani inawatanguliza washindi na kuwaweka nyuma wafanyabiashara ambao mali yao ndiyo iliyowavuta washindi hao.

Wareno wa Afonso de Albuquerque waliuteka mji mwaka 1511, wakaijenga ngome yao kwa mawe yaliyong'olewa kwenye misikiti na makaburi ya masultani. Kwa kuwa mji huo, ulioanzishwa na Parameswara karibu mwaka 1400, ulikuwa wa mbao kwa sehemu kubwa, kile kidogo kilichokuwa cha mawe kilimezwa na kuta za adui. Na kasri la mbao wanaloonyeshwa wageni leo ni la kuigiza tu.

Melaka iliishi kwa pepo za msimu, zile ambazo Waswahili huziita kusi na kaskazi, na kwa sababu hiyo wageni wa mataifa mengi walikaa humo miezi kadhaa wakingoja upepo ugeuke. Masultani waliwawekea syahbandar wanne, yaani wakuu wa bandari, mmoja wao akiwahudumia Wagujarati peke yao; cheo hicho ni cha Kiajemi, na ndani yake limo neno lile lile lililozaa "bandari" ya Kiswahili. Tomé Pires, Mreno aliyeishi hapo miaka michache baada ya ushindi, anawataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa waliofika kufanya biashara, na ikumbukwe kwamba Kilwa yenyewe ilikuwa imeshambuliwa na Wareno mwaka 1505.

Ni ng'ambo ya mto, katika mtaa wa masonara uitwao Jalan Tukang Emas, ambako wafanyabiashara hao wameacha alama iliyo hai: msikiti wa Kampung Kling, wenye paa la tabaka tabaka na mnara unaofanana na pagoda, na karibu yake hekalu la Kihindu la mwaka 1781, ambamo ibada ingali ikiendelea.