Mbu wa mchana: kwa nini chandarua peke yake hakitoshi

Akina mama wengi wakileta mtoto mwenye homa huniambia, "Lakini nesi, sisi tunalala kwenye chandarua." Ni vizuri, endeleeni. Mbu wa malaria huuma usiku. Ila yuko mwingine, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeuma asubuhi na jioni kabla jua halijazama, mtoto akiwa uani anacheza. Huyo ndiye anayeeneza homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Mbu huyu hana haja na mtaro mchafu. Anapenda maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, ndoo, simtanki lisilo na mfuniko, tairi bovu, kifuu cha nazi, kisahani chini ya chungu cha maua. Haruki mbali, hivyo anayemuuma mwanao huenda amezaliwa kwako au kwa jirani yako.

Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Ukijaza maji tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo mwaga, kisha sugua kuta za ndani kwa brashi au dodoki, halafu suuza. Yai huchukua kama siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka, ndiyo maana tunasema kila wiki. Chagueni siku moja na majirani, maana ukisugua peke yako na pipa la jirani lina viluwiluwi, mbu watakuja tu.

Najua maji ya bomba hayatoki kila siku na huwezi kuyamwaga. Basi funika pipa kabisa, au funga mdomo wake kwa kitambaa kilichokazwa kwa mpira. Ubao uliowekwa juu juu haumzuii mbu.

Mtoto akipata homa, apimwe malaria kwanza, usikisie. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki: kama ni dengi, dawa hizi huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na vinywaji mara kwa mara.

Hapa naomba usikilize sana. Dengi huwa hatari zaidi homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati mama anadhani mtoto amepona. Ukiona maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kuhema kwa shida, mikono na miguu kupoa, mtoto kulegea au kukosa mkojo kwa saa nyingi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Akiwa bado na homa, alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimuume yeye kisha akampelekee mdogo wake ugonjwa.