Ngoma za Wanawake na Siasa ya Rangi Dar es Salaam, 1955–1961

Serikali ya kikoloni iliugawa mji wa Dar es Salaam kwa misingi ya rangi: Wazungu walikaa Oysterbay, Waafrika walikaa Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke. Katika mitaa ya Waafrika wanawake walikuwa na vikundi vya ngoma, kikiwamo Bomba, ambacho Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wake. Alipokabidhiwa uongozi wa tawi la wanawake la TANU mwaka 1955, aliwaendea viongozi wa vikundi hivyo.

Kwa hiyo nyimbo hazikuwa pambo la mikutano tu. Kikundi cha ngoma tayari kilikuwa na viongozi, michango, na wanachama wa makabila mbalimbali waliounganishwa na Kiswahili. TANU ilipata muundo uliokwisha kuaminiwa. Nao wanawake wasiojua kusoma walipata jukwaa la kuupinga ukoloni hadharani.

Historia ya fasihi inayotegemea maandishi pekee huwaacha wanawake hawa nje. Kuwarejesha ni kukiri kwamba hoja dhidi ya ubaguzi wa rangi iliimbwa pia, si kuandikwa tu.