Mlango wa Kiswahili: Majina ya Majumba ya Sanaa na Historia ya Maonyesho Nchini Kenya

Jina la Ruiru limeenea duniani kwa sababu ya kahawa. Aina ya mbuni iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapa iliitwa Ruiru 11, na tangu hapo hata wanunuzi wasioweza kuionyesha Kenya kwenye ramani wameweza kulitamka jina la mji huu. Katika sanaa ya kisasa mji haukubahatika hivyo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya haina tawi Ruiru, na anayetaka kuona mchoro uliotundikwa kwa heshima yake hana budi kusafiri. Lakini safari yenyewe si ndefu. Upande wa Nairobi, kando ya barabara ya Kiambu, kuna Ridgeways, makao ya Paa ya Paa. Upande wa pili, ukiipita Thika, kuna Murang'a na kanisa lenye michoro ya ukutani ya mwaka wa 1959. Pahali hapa pawili panaunganishwa na mtu mmoja, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell.

Makala haya hayanuii kuihakiki michoro ya Njau, kazi ambayo wahakiki wa sanaa wataifanya vizuri zaidi yetu. Tunanuia kuyasoma majina. Hoja yetu ni kwamba katika historia ya maonyesho ya sanaa ya kisasa nchini Kenya Kiswahili kilipewa kazi ya mlango: kiliandikwa kizingitini, mgeni akakaribishwa nacho, kisha ndani ya jumba mazungumzo yakaendelea kwa Kiingereza. Tazama orodha yenyewe. Mwaka wa 1963 palianzishwa Nairobi kituo cha utamaduni cha Chemchemi, chini ya mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele. Mwaka wa 1965 ikaja Paa ya Paa. Mwishoni mwa mwongo huo Robin Anderson, Jony Waite na David Hart walifungua Gallery Watatu. Mwaka wa 1995 Kuona Trust ikaanza kazi yake katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Majina yote haya ni ya Kiswahili, na yote ni majina mazuri. Ila katalogi, vibandiko vya maelezo na tahakiki za magazetini zilizoyahusu maonyesho yao ziliandikwa, kwa sehemu kubwa, kwa lugha nyingine.

Jina la Paa ya Paa lastahili kusomwa polepole. Maana iliyozoeleka ni ya paa, yule mnyama, anayepaa. Ni mchezo wa maneno ambao mtunzi yeyote wa mashairi angeuonea fahari, kwa kuwa nomino na kitenzi vimekuwa neno moja. Tatizo linaanza katikati. Kwa sarufi tunayowafundisha wanafunzi, paa ni wa ngeli ya A-WA, na kwa hiyo ingepasa iwe "paa apaa" au "paa anapaa". Kiambishi cha ngeli ya I-ZI, "yapaa", kinamvua mnyama uhai wake na kumfanya kitu. Je, ni kitu gani chenye umbo la paa kisichokuwa paa? Ni kinyago. Ni paa wa mti aliyepangwa kando ya njia akisubiri mtalii, bidhaa iliyojulikana sana Nairobi ya miaka ile. Ukilisoma jina hivyo, linasema kwamba kinyago chenyewe kitapaa, yaani kazi ya mikono iliyozoea kuuzwa kwa kunakiliwa mara mia itainuka iwe sanaa. Usomaji huu unaoana na msimamo ambao Njau aliushikilia kwa miaka mingi, kwamba kunakili kunaua ubunifu.

Kuna pingamizi, nasi hatuwezi kuikwepa. "Ya" imeandikwa peke yake, na msomaji wa pwani ataiona kuwa kiunganifu: paa ya paa, sanamu ya paa iliyo juu ya paa la nyumba. Tena waliolichagua jina hili hawakuwa wanasarufi. Kiswahili cha bara, kinachosemwa na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kichaga au Kikikuyu, mara nyingi humpa mnyama upatanisho wa I-ZI bila nia yoyote ya kishairi. Huenda basi tumekisoma kinyago mahali palipokuwa na mazoea tu. Twalikubali hilo, na twaona kuwa haliupunguzii usomaji wetu thamani. Jina liliandikwa kwa Kiswahili kilichokuwapo mjini, na kwa Kiswahili hicho likasema zaidi ya yale ambayo Kiswahili sanifu kingeliruhusu. Kwa kulinganisha, "Watatu" ni upatanisho wa watu: jina linawahesabu waanzilishi na kuishia hapo.

Jambo ambalo sisi wa idara za Kiswahili tumelisahau ni kwamba Paa ya Paa ilikuwa nyumba ya waandishi tangu mwanzo. Miongoni mwa waanzilishi, pamoja na mchoraji Terry Hirst, walikuwamo mshairi Jonathan Kariara, mwandishi wa tamthilia na riwaya Rebeka Njau, na mwanahabari Hilary Ng'weno. Katika chumba chao cha kwanza, Sadler House katika barabara ya Koinange, uchoraji na fasihi vilikaa pamoja kabla ya vyuo vyetu kuvigawa katika idara mbalimbali. Kariara na Rebeka Njau waliandika kwa Kiingereza, na kwa hiyo tukawaachia wenzetu wa idara ya Kiingereza wawafundishe. Wao nao waliyafundisha maandishi, wakaliacha jumba. Hivyo jumba lililokuwa na jina la Kiswahili na waandishi wa Kiingereza halikupata mhakiki wa upande wowote.

Hasara ya uzembe huo ilidhihirika mwaka wa 1997. Paa ya Paa, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha hamia Ridgeways, ilishika moto, na sehemu kubwa ya kazi na kumbukumbu zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini ikateketea. Riwaya ikiungua katika maktaba moja, nakala yake hupatikana katika maktaba nyingine. Maonyesho hayana nakala. Yakishafungwa, kinachobaki ni maneno yaliyoandikwa juu yake, na pasipokuwa na maneno hapabaki kitu. Mwanafunzi wa leo anayetaka kuandika tasnifu kwa Kiswahili juu ya maonyesho ya miaka ya 1960 na 1970 atakuta amekwisha shindwa kabla ya kuanza, na sababu kubwa kuliko ule moto ni kwamba hatukuandika.

Huenda mtu akasema kuwa lugha yetu haikuwa na istilahi. Kuna ukweli kidogo katika hilo. "Sanaa za maonyesho" ni istilahi iliyokwisha chukuliwa na watu wa jukwaa, na anayezungumzia picha zilizotundikwa lazima ageuze mpangilio aseme "maonyesho ya sanaa". "Mchoro" ni wa penseli na ni wa rangi ya mafuta pia, mpaka uongeze maneno ya kufafanua. Na neno "usanii" limepata mitaani maana ya ulaghai, hata msanii anayejitambulisha kwa jina la kazi yake huchekwa. Lakini upungufu wa namna hii lugha yoyote huutibu kwa kuandika.

Linaloshangaza ni kwamba Kiswahili, kilichoachwa mlangoni nyumbani, kilisafiri. Mwaka wa 1984 maonyesho ya sanaa ya Afrika Mashariki yalipofanyika katika Commonwealth Institute, London, yalipewa jina "Sanaa". Mwaka wa 1995, katika maonyesho ya Whitechapel yaliyojiita hadithi saba za sanaa ya kisasa barani Afrika, Wanjiku Nyachae aliyesimamia sehemu ya Kenya na Uganda aliieleza kwa istilahi za simulizi na nathari. Yaani mtu wa uchoraji alikuja kuazima kwetu wakati sisi tumelala. Tena mwaka wa 2020, Michael Armitage alipoonyesha kazi zake katika Haus der Kunst, Munich, aliziweka pamoja na za wachoraji waliomtangulia, miongoni mwao Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe na Sane Wadu, na sehemu hiyo ikaitwa "Mwili, Akili na Roho". Miaka miwili baadaye, taasisi ya sanaa aliyoianzisha Armitage Nairobi ilimfanyia Sane Wadu maonyesho ya kazi zake za miaka mingi. Wadu ni mzaliwa wa Kiambu, mwalimu na mshairi kabla ya kuwa mchoraji, aliyejiita "Sane" kuwajibu waliomwona mwendawazimu. Jina la maonyesho hayo lilikuwa la Kiingereza: "I Hope So". Kwa hiyo Wajerumani walipewa Kiswahili, na watu wa Kiambu wakapewa Kiingereza. Hatusemi kuwa uamuzi huo ulikosea. Kejeli ya Wadu mwenyewe ni ya Kiingereza tangu jina lake. Tunasema ulistahili kuulizwa swali na mhakiki wa Kiswahili.

Kwamba jina ukutani si pambo, Venice ilituthibitishia mwaka wa 2015. Banda lililobeba jina la Kenya lilikuwa limejaa kazi za wasanii wa Kichina. Wasanii wa Nairobi walilalamika, Michael Soi akachora mfululizo wa picha za kejeli, na serikali ikalikana banda hilo. Huo ulikuwa usanii kwa maana zote mbili za neno.

Turudi kwenye barabara ya Thika. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau, Njau alichora maisha ya Kristo katika michoro mitano: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Kristo ni Mwafrika, na vilima ni vya Murang'a. Haya ndiyo maonyesho ya kisasa yaliyodumu kuliko yote nchini, na hayakupewa jina. Watu waliokuwa pande mbili za vita waliketi mbele yake, na watoto wao na wajukuu wao wanaendelea kuketi, wakayajadili kwa Kikikuyu na kwa Kiswahili wakitoka ibadani. Mazungumzo hayo hakuna aliyeyaandika. Baadhi ya waliokuwa watu wazima mwaka wa 1959 wangali hai, na kutoka Ruiru hadi Murang'a ni safari ya asubuhi moja.