Wakwezi na Minazi Yao Mikongwe

Mnazi huandika umri wake shinani. Kuti likizeeka na kudondoka huacha kovu linalozunguka shina, na kwa kuwa mnazi wenye afya hutoa takriban kuti moja kila mwezi, makovu 12 hivi ni mwaka mzima. Mwenye subira anaweza kusimama chini ya mnazi mrefu wa Mafia au Pemba, akahesabu kutoka chini kwenda juu, akakisia ulipandwa zama za nani. Ila kwenye minazi mingi ya pwani hesabu hiyo huingiliwa na alama nyingine, zilizochongwa kwa panga upande huu na upande huu, kila moja ikitosha kuingiza vidole vya mguu. Hivyo ni vidato. Makovu ni ya mnazi wenyewe, vidato ni vya mkwezi.

Historia ya nazi katika Afrika Mashariki imeandikwa mara nyingi kutokea bandarini: shehena, bei, mafuta, jina la mfanyabiashara. Mkwezi hutajwa kwa kupita, kama kibarua. Hilo ni kosa. Nazi kavu huweza kudondoka yenyewe, lakini dafu halijishushi, wala kuti bovu halijing'oi, wala mdudu aliyejichimbia kileleni hatoki kwa kuombwa. Kwa karne nyingi mtu aliyeujua mnazi mkongwe mahali unapoishi hasa, yaani juu kabisa, alikuwa yeye.

Minazi ilikuwa hapa muda mrefu kabla ya mashamba makubwa. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyesafiri katika Bahari ya Hindi karibu mwaka 916, aliandika kwamba watu wa pwani hii, aliyoiita Zanj, walikuwa na visiwa vyenye minazi na kwamba walikula nazi. Mwaka 2011 wanasayansi walichapisha utafiti wa vinasaba vya minazi ya dunia nzima. Walikuta jamii kuu mbili, moja ya upande wa Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na wakaona kwamba zimechanganyika Madagaska, Komoro na maeneo ya jirani ya pwani yetu. Huko ndiko walikopita mabaharia wa lugha za Kiaustronesia kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki.

Waswahili wakaujengea mnazi sheria. Katika desturi za Unguja, Pemba na Mafia, mti na ardhi ni mali mbili mbalimbali: mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye kiwanja cha mwenzake, akairithisha, akaiuza au akaiweka rahani. Urithi wa marehemu ulihesabiwa kwa idadi ya minazi, huyu kadhaa, yule nusu yake. Kwa hiyo mkwezi alipaswa kujua zaidi ya kukwea. Alipaswa kujua mnazi huu ni wa nani na ule wa pembeni ni wa shangazi yake nani, maana kuangua nazi za mwingine ni wizi hata kama mti umesimama mlangoni kwako.

Karne ya 19 ilibadili ukubwa wa kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, katika shauku yake ya karafuu, aliwaamuru wenye mashamba wa Unguja wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Amri yenyewe inaonyesha kwamba minazi ndiyo iliyokuwa imetangulia na kuenea. Hata hivyo karafuu haikuufukuza mnazi. Wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua mbata, yaani nazi iliyokaushwa, kwa ajili ya viwanda vya sabuni vya Marseille, na mjini Unguja vinu vya mafuta vilizungushwa na ngamia waliofungwa macho. Sehemu kubwa ya kazi ya mashambani ilifanywa na watumwa, na hakuna aliyeandika majina yao.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mashamba yakapandwa upya. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, ukwezi ukabaki kuwa kazi ya ujira: mkwezi alilipwa kwa minazi aliyokwea, na mara nyingi sehemu ya malipo ilikuwa nazi zenyewe.

Kazi yenyewe haina vifaa vingi. Panga huchomekwa kiunoni kwa nyuma, mbali na tumbo na mapaja. Pengine kuna kitanzi cha kamba kinachofunga nyayo mbili zilishike shina kwa pamoja. Mkwezi hukumbatia mnazi, huvuta magoti juu, hukaza kitanzi, hunyoosha mwili, kisha huvuta tena, mpaka mita 20 na zaidi. Shina lililoloa mvua ni hatari kubwa, na pepo za kusi huyumbisha kilele hata siku ya jua. Lakini wakwezi wazoefu huogopa zaidi hatua ya mwisho, pale mtu anapoliacha shina na kujivuta kuingia katikati ya makuti. Kuti linaloonekana zima huweza kuwa limeoza kwenye tako lake. Hivyo mkono hujaribu kwanza, ndipo mwili ufuate.

Akishakaa juu, huanza kusoma makole, yaani mashada ya nazi. Nazi hukaa mtini takriban mwaka mzima toka ua mpaka kukauka, kwa hiyo kilele kimoja huwa na rika zote kwa wakati mmoja: vidaka, vitale, madafu, koroma na nazi zilizokomaa. Mkwezi hugonga kwa kidole au kwa ubapa wa panga na kusikiliza. Akikosea, atashusha koroma ambalo si dafu tena wala halijawa nazi, na mwenye shamba atamuuliza.

Vidato vina ubishi wake. Vinampa mkwezi ngazi ya kudumu, lakini mnazi hulipa gharama. Mwembe ukijeruhiwa, tabaka hai lililo chini ya gome hutengeneza tishu mpya na kufunika jeraha polepole. Mnazi hauna tabaka hilo. Shina lake halinenepi likishakomaa, na jeraha lake halifungi kamwe. Kidato kilichochongwa na babu kitakuwa wazi mpaka mnazi ufe, maji yatatuama humo, na ikiwa panga lilizama sana, uozo utaingia. Kwa sababu hiyo mkwezi mzuri hutambulika kwa vidato vyake vifupi vya kina kidogo, au kwa kuviepuka kabisa na kushika kitanzi. Ukiona mnazi uliotobolewa hovyo, ujue ulipitiwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Halafu kuna uganga wa kileleni. Mnazi una chipukizi moja tu linaloukuza, limefichwa ndani ya makuti machanga pamoja na shaha jeupe, laini na tamu. Shaha likifa, mnazi umekufa. Adui mkubwa wa mahali hapo ni chonga, mende mweusi mwenye pembe, anayetoboa kuingia kwenye makuti ambayo hayajafunguka. Kuti lililotobolewa likija kukunjuka huonekana limekatwa pembetatu, utadhani kwa mkasi. Mkwezi anayeona dalili hiyo akiwa chini tayari anajua atakwea kutafuta nini. Hufunua kilifu, ule wavu wa nyuzi kwenye tako la kuti, hutafuta tundu lenye unga wa nyuzi zilizotafunwa, huingiza waya wenye ncha iliyopinda na kumvuta chonga nje. Huondoa pia makuti makavu, makarara na takataka zilizojazana. Wakwezi wengi hufanya haya bila kuambiwa, kwa kuwa kesho watakwea mti uleule.

Juu huko kuna rafiki mmoja mkali. Maji moto ni chungu wekundu wanaoshona majani hai kuwa viota, na mkwezi aliyewahi kushika kiota chao gizani mwa makuti hahitaji kuelezwa kwa nini wanaitwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu Michael Way alifanya utafiti Zanzibar kuhusu ugonjwa wa kudondoka kwa vidaka. Chanzo kilikuwa mdudu anayefyonza nazi changa, ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi linalomkumbuka Way, Pseudotheraptus wayi. Way alionyesha kwamba minazi yenye maji moto wengi ilishambuliwa kidogo, kwani chungu hao huwawinda na kuwafukuza wadudu hao. Ilimaanisha kwamba mkwezi aliyevumilia kuumwa, akapita bila kuchoma viota, alikuwa akiulinda mnazi kuliko yule aliyesafisha kila kitu.

Mgema ni ndugu wa mkwezi, lakini ratiba yake ni nyingine. Mkwezi huurudia mnazi baada ya miezi miwili au mitatu. Mgema huurudia zaidi ya mara moja kwa siku, kulikata upya kole changa la maua na kumimina tembo, pombe ya mnazi, kutoka kibuyuni. Miongoni mwa Wamijikenda wa Rabai na Kaloleni, katika pwani ya Kenya, ugema ulijenga uchumi mzima wa mashamba, na mwanaanthropolojia David Parkin aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1972. Kole lililogemwa halizai nazi, hivyo mwenye mnazi huamua anataka kipi. Mgema naye, kwa kupanda kila siku, ndiye wa kwanza kuona mnazi unaoanza kuugua.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa ya Zanzibar yalitaifishwa, na kuanzia 1965 familia zikagawiwa eka tatu tatu. Minazi ikapata wenyewe wapya. Tanzania Bara tishio lilikuwa ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huangusha nazi, hukausha makuti na kuacha magogo yaliyosimama bila vichwa. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulianza mwaka 1979 kwa msaada wa Ujerumani, na utafiti wake ulikuwa na makao Mikocheni, Dar es Salaam. Minazi mifupi na chotara ilivutia: huzaa mapema, na nazi zake mwanzoni huchumwa bila kukwea. Lakini ilipopandwa penye ugonjwa, aina za kigeni ziliteketea, ilhali baadhi ya minazi mirefu ya wenyeji ilivumilia vizuri zaidi. Mti mrefu ukabaki kuwa tegemeo, na pamoja nao haja ya mtu wa kuukwea.

Mtu huyo sasa ana njia nyingine za riziki. Bodaboda ina hatari zake, lakini haimpeleki mtu juu ya paa la ghorofa sita kila asubuhi bila mkanda. Kwenye mashamba ya viungo ya Unguja vijana bado hukwea kwa kitanzi huku wakiimba, watalii wakipiga picha chini, na kazi hiyo huwapa bakshishi. Minazi iliyozeeka, ile ya miaka 60 na zaidi, hukatwa kuwa mbao. Kuikata si dhambi. Ila gogo likiachwa lioze shambani, chonga hutaga mayai humo, na kizazi kipya huruka kwenda kwenye minazi iliyobaki.

Kwa desturi, ujira wa mkwezi huhesabiwa kwa minazi iliyokwewa au nazi zilizoshuka. Chonga aliyemtoa hahesabiwi, wala makuti mabovu aliyoyaondoa, wala taarifa ya kwamba mnazi wa tatu kutoka kisimani umeanza kuoza shaha. Mwenye shamba anayetaka minazi ya babu yake izae miaka 20 mingine angefanya vyema kuyaweka hayo kwenye malipo, na kumlipa mkwezi hata siku ambayo hakuna nazi ya kuangua.