Apendaye Kimya

Miungu wengi wa Misri ya kale walitambulika nchi nzima. Meretseger alikuwa na mlima mmoja. Ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na Luxor, kipo kilele kiitwacho el-Qurn, yaani pembe, na ukikitazama kutoka Bonde la Wafalme utadhani ni piramidi isiyojengwa na mtu. Kilele hicho ndicho kilichokuwa yeye. Jina lake maana yake ni apendaye kimya, na walimchora kama swila, pengine swila mwenye kichwa cha mwanamke.

Tunaambiwa aliyalinda makaburi ya mafarao. Ni kweli, lakini waliomwomba hawakuwa mafarao. Walikuwa mafundi wa kijiji cha Deir el-Medina, wachonga mawe na wachoraji waliokwenda kazini kwa njia za milimani zenye nyoka na nge. Huyo aliyewalinda na sumu alikuwa na sumu mwenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo.

Fundi mmoja, Neferabu, alimwachia jiwe lenye maandishi ambalo leo liko Torino, Italia. Anakiri kwamba alikuwa mjinga, asiyejua jema wala baya, akamkosea Kilele, naye akamtia adabu. Alikaa juu ya matofali kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Aliuita upepo, upepo haukuja. Alipomsihi, mungu huyo alimrudia kwa huruma, kama upepo mwanana. Kosa lenyewe halitaji. Nisomapo habari ya pumzi ile namfikiria mtu aliyeishi kwa kuvuta vumbi la mawe, ingawa yeye hasemi hivyo. Farao akiandika juu ya miungu hujisifu. Huyu anasema nilikosa, nikasamehewa.

Halafu posho zikaanza kuchelewa. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, katikati ya karne ya 12 K.K., mafundi waliweka vyombo chini wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakisema wana njaa. Ndio mgomo wa kwanza tunaoujua kwa maandishi. Miongo kadhaa baadaye, chini ya Ramesses IX, baadhi ya mafundi wa kijiji hicho hicho walishtakiwa kwa kuiba makaburini. Nani angeijua njia ya kuingilia kuliko wao? Siwezi kuwalaumu sana. Swila alizuia wezi, hakugawa nafaka.

Mwishoni mwa nasaba ya 20 kijiji kilihamwa, watu wakajihifadhi ndani ya kuta za hekalu la Medinet Habu, na ibada ya Meretseger ikafifia. Neferabu hakuhama. Alikuwa amekwisha kuzikwa palepale kijijini, katika kaburi ambalo wataalamu wamelipa namba 5, chini ya kilele.