Majaribio ya kuyeyusha miamba ya Virunga

Majaribio ya kuyeyusha miamba ni kazi ya wanajiolojia wanaosaga jiwe, kulibana na kulipasha moto maabarani hadi liyeyuke, ili wajue magma huzaliwa kina gani, kwa joto gani na ikiwa imebeba gesi zipi. Katika eneo la Maziwa Makuu hakuna mji unaohitaji elimu hii kuliko Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini. Mji huo umejengwa juu ya lava iliyoganda, na kaskazini yake imesimama milima miwili ya volkano ya safu ya Virunga iliyo hai: Nyiragongo (mita 3,470) na Nyamulagira (mita 3,058).

Swali kubwa linahusu wepesi wa lava ya Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko lilimwagika kupitia nyufa za ubavuni kwa muda usiozidi saa moja. Mtiririko ulishuka kwa kasi iliyokadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa karibu 70, na wako watafiti wanaoamini kwamba walikuwa mamia. Kwenye volkano nyingi duniani lava hujikokota kiasi kwamba mtu mzima huipisha kwa miguu. Hapa familia nzima zilifikiwa kabla hazijatoka vijijini.

Sehemu ya jibu imo katika kemia. Basalti ya kawaida ina silika karibu asilimia 50, ilhali lava ya Nyiragongo ina chini ya asilimia 40, pamoja na potasiamu, sodiamu na kalisi kwa wingi. Katika mwamba ulioyeyuka, silika ndiyo inayoungana kwa minyororo na kuufanya mzito. Ikipungua, minyororo hukatika na mnato hushuka. Mfini Th. G. Sahama, aliyechunguza mawe ya Nyiragongo miaka ya 1950 akishirikiana na André Meyer, alikuta humo madini ambayo hayakuwa yameelezwa popote, miongoni mwake kirschsteinaiti (1957), madini ya kalisi na chuma yaliyopewa jina la Egon Kirschstein, mmoja wa wanajiolojia wa kwanza wa Virunga.

Kemia peke yake haisemi magma hiyo inatoka wapi. Hapo ndipo tanuri linapohitajika. Mwaka 1985 Felicity Lloyd, Makoto Arima na Alan Edgar walichapisha jaribio ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, linastahili kujulikana zaidi katika shule za ukanda huu. Walichukua bonge la mwamba lililotapikwa na volkano ya kusini-magharibi mwa Uganda, kaskazini mwa Virunga katika bonde lilelile la ufa la magharibi. Bonge hilo lilikuwa kipande cha koti ya dunia (tabaka la miamba lililo chini ya ganda la nje), lenye flogopaiti (mika yenye potasiamu na maji) na klinopairoksini. Katika majaribio ya aina hii unga wa jiwe hufungwa ndani ya kapsuli ndogo kuliko punje ya haragwe, hubanwa kwa pistoni, hupashwa moto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla ili kilichoyeyuka kigande kuwa kioo na kupimwa. Kwa shinikizo la gigapaskali 2 na 3, yaani kina cha takriban kilomita 65 hadi 100, walipata kimiminika kinachofanana na lava zenye potasiamu nyingi za eneo hilo. Maana yake ni kwamba koti ya dunia chini ya bonde hili ilikwisha kulowa zamani kwa vimiminika vilivyoleta potasiamu, maji na gesi ya kaboni dioksidi, na ndipo ikayeyuka.

Vimiminika hivyo vina nguvu kubwa. Maabara nyingi zimeonyesha kwamba maji hushusha joto la kuyeyukia la mwamba, na kwamba kaboni dioksidi kwenye kina kikubwa huelekeza magma kuwa na silika kidogo na kalisi nyingi. Magma ya namna hiyo huyeyusha kaboni dioksidi nyingi kuliko basalti. Ikipanda juu shinikizo hupungua, nayo gesi hujitenga na kutafuta njia yake. Wakazi wa Goma na wa mji jirani wa Sake wanaijua kama mazuku: hewa nzito isiyoonekana, inayotuama mabondeni na kuua watu na mifugo.

Aina nyingine ya jaribio hupima mnato: lava huyeyushwa upya, na chuma huzungushwa ndani yake huku joto likishushwa. Watafiti wa Ulaya na Marekani wameipima lava ya Nyiragongo hivyo. Fuwele zikianza kujijenga mnato hupanda upesi, kwa hiyo isidhaniwe kwamba kila mlipuko utakimbia kama ule wa 1977. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu, ikiacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Lakini ndani ya mji, penye mteremko mdogo, ilitembea polepole na wengi waliikimbia.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka bila dalili za wazi, kwa kuwa magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi. Mitambo ya kusikiliza mitetemeko haiwezi kutegemewa peke yake kwa volkano ya namna hiyo. Lazima ijulikane pia lava itakavyotiririka, na programu za kuchora njia zake zinategemea vipimo vya mnato. Kituo cha Volkano cha Goma (OVG) hukusanya mawe na gesi, ilhali majaribio yenyewe yamefanyiwa ng'ambo. Mashine za shinikizo kubwa ni ghali na ngumu kutunza, lakini tanuri la kupimia mnato katika shinikizo la kawaida la hewa ni chombo rahisi zaidi, na mahali pake pa haki ni Goma.